Mwombeeni Babu Yenu, Msimsifu Tu

Wajukuu zangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimesomewa maneno mnayotumiana kwenye simu tangu tumzike kaka yangu. Mnaandika kwamba babu yuko mbinguni tayari, kwamba ni mtakatifu wa ukoo wetu, na wengine mmeshachapisha fulana zenye picha yake. Najua ni mapenzi. Lakini mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja utotoni, kwa hiyo nisikilizeni.

Miaka 94 si haba. Alibatizwa Kilema, huku kwetu Kilimanjaro, misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1890, wale wale waliopanda kahawa pale. Alitumikia misa ikiwa bado ya Kilatini, padre akiwapa waamini mgongo, na hata uzeeni aliitikia yote bila kitabu. Kengele ya adhuhuri ikilia, jembe lilianguka chini hapo hapo kwenye migomba, akasimama kusali Malaika wa Bwana. Septemba 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Moshi, alishuka mlimani usiku kwa miguu ili apate pa kusimama.

Hayo mnayasimulia vizuri. Hili hamlisimulii, kwa kuwa wengi wenu hamkuwa mmezaliwa.

Tuligombana kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Yeye ndiye aliyekosa: aling'oa masale, mimea ya mpaka aliyoipanda baba yetu, akayasogeza hatua tatu upande wangu. Miaka miwili hatukusalimiana, na Jumapili tulikuwa kanisa moja. Miaka yote hiyo miwili hakukomunika, hakupokea Ekaristi. Watu wakipanga mstari, yeye alibaki amekaa, wanawe wakimwona, parokia nzima ikimwona. Mimi nikasema moyoni ni kiburi. Nilimkosea.

Jumamosi moja ya Kwaresima, kabla jua halijatoka, nikamkuta mlangoni ameshika jani la isale. Kwetu jani hilo halikataliwi, hata na aliyeuliwa mwana. Hakuhutubu. Alisema tu, "Ndugu yangu, sina uso wa kwenda altareni." Tulikwenda wawili tukayarudisha masale pale pa baba. Mmea uliotugombanisha ndio ule ule aliokuja nao kuomba radhi. Jioni akaenda kuungama, na asubuhi tukakomunika tumefuatana.

Huyo ndiye babu yenu. Alijua kwamba anaweza kukosa, ndiyo maana hadi mwaka wake wa mwisho alipeleka nia ya misa kwa ajili ya baba yetu, mzee aliyekufa miaka mingi mno iliyopita. Kila Novemba alipita kaburi kwa kaburi pale kihambani akiwataja kwa majina, hata watoto wachanga. Hakumhesabu yeyote kuwa amekwisha kufika. Sasa mkisema yeye amefika, nani atamwombea? Fulana haisali, wanangu.

Na jambo la pili, linaloniuma zaidi. Nimesikia nyumba ya mkubwa na nyumba ya mdogo hamsemeshani kwa sababu ya sehemu ile ya chini, penye mfereji. Mmenunua maua ya kaburi mara mbili, kila nyumba yake. Mimi sitagawa ardhi kwa barua. Wazee tutakaa, na wasichana watakaa nasi, maana nao ni damu yake. Ila kabla ya kikao hicho, wakubwa wa nyumba zote mbili mje kwangu kwanza, bila mashahidi. Masale yapo mengi kwenye mpaka, kila mmoja akate lake akiwa njiani.

Misa ya kumwombea ni Jumamosi saa nne. Njooni Ijumaa jioni tusali rozari kaburini. Nitaleta ile yake ya mbegu. Uzi ulikatika kwenye fungu la tatu, akaufunga kwa kamba ya mgomba, kwa hiyo mtakaoishika muende nayo polepole.

Ni mimi, babu yenu mdogo.