Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Msimu wa 2013/14

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha mashabiki wa Lakers, timu ya mpira wa kikapu, tunaozungumza Kiswahili hapa Los Angeles na miji ya jirani. Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo sitazirefusha. Tulikutana kutazama michezo, tulifanya nyama choma ya familia, tulitoa rambirambi kwa wenzetu waliofiwa nyumbani, na tulikwenda pamoja Staples Center kwa tiketi za bei ya kundi ambazo nilizifuatilia mimi mwenyewe hadi zikapatikana. Wanachama walioandikishwa ni 71, waliolipa ada ni 26, makusanyo ni dola 1,560, matumizi ni dola 1,410, na salio ni dola 150. Mhazini atatoa mchanganuo kwa atakayeuhitaji.

Jambo linalohitaji maelezo ni uamuzi wa Kamati ya Utendaji wa mwezi wa Februari wa kuikataa hoja iliyoletwa na baadhi ya wanachama, iliyotaka tutoe tamko, kwa jina la chama, la kuutaka uongozi wa klabu umfukuze kocha Mike D'Antoni. Najua uamuzi huo haukuwapendeza wengi, na najua pia kwamba baadhi yenu mmezuia ada kwa sababu hiyo. Nawajibika kueleza kwa nini Kamati, chini ya uenyekiti wangu, ilisimama pale iliposimama.

Sijawahi kusema kwamba D'Antoni alikuwa kocha wa kuifaa timu hii. Nilisema kinyume chake tangu Novemba 2012, wiki ileile alipoajiriwa, na waliokuwapo wanakumbuka. Kocha aliyemtangulia, Mike Brown, alikuwa ameondolewa baada ya michezo 5 tu ya msimu, ameshinda 1 na kupoteza 4, na uwanja mzima ulikuwa ukiliimba jina la Phil Jackson, kocha wetu wa zamani aliyetupatia mataji 5. Uongozi ukamwendea mtu ambaye sifa yake ilijengwa katika timu ya Phoenix, alikoshinda michezo 62 msimu wa 2004/05 kwa mchezo wa mbio, ambao mpira hupandishwa kabla wapinzani hawajajipanga, watupaji wametawanyika nje ya mstari wa pointi tatu, na Steve Nash ndiye mwenye uamuzi wa kila shambulizi. Mchezo huo unadai magoti mazima na pumzi ya vijana. Sasa alikabidhiwa Nash huyohuyo akiwa na miaka 38, ambaye tayari alikuwa amevunjika mguu katika mchezo wa pili wa msimu. Dwight Howard, ambaye mgongo wake ulikuwa umepasuliwa mwezi Aprili. Pau Gasol, aliyezoea kupokea mpira karibu na kikapu akiwa amekipa mgongo. Na Kobe Bryant wa miaka 34. Kocha mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuwekewa goti la bandia, na kambi ya maandalizi ilikuwa imeshapita bila yeye. Mwenye swali la nani alikosea kuoanisha watu hawa na alielekeze kwa waliotia saini mkataba.

Lakini kutoifaa timu hakumaanishi kwamba kumwondoa katikati ya msimu kungeiponya. Wanaosema D'Antoni hakubadilika hata kidogo wanausahau msimu wa 2012/13, ambapo timu ilianza kwa ushindi 17 na vipigo 25, naye akapunguza mbio, akamwachia Bryant mpira, na michezo iliyobaki ikaleta ushindi 28 na vipigo 12. Tuliingia mchujo wa kuwania ubingwa tukiwa wa 7 katika Kanda ya Magharibi ya ligi. Kocha asiyesikia hafanyi hivyo. San Antonio walitutoa kwa 4 kwa 0, ndiyo, ila Bryant hakuwapo.

Na hapo ndipo penye kosa la D'Antoni ambalo mimi sitalitetea, na ambalo ajabu ni kwamba waleta hoja hawakuligusa. Tarehe 10 Aprili 2013 kule Portland, Bryant alichezeshwa dakika zote 48 na akafunga pointi 47. Siku mbili baadaye, dhidi ya Golden State, zikiwa zimebaki kama dakika 3, kano ya kisigino chake cha kushoto ikakatika. Alisimama mstarini, akatupa mitupo huru 2, akaifunga yote, kisha akatoka akitembea. Wengi wetu tulilia. Inasemwa kwamba Bryant mwenyewe ndiye aliyetaka kucheza dakika zile, nami nakubali, kwa kuwa mchezaji wa aina yake hataomba kupumzika. Lakini anayeita mabadiliko ni kocha, na kwa timu ya wazee hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Kama hoja ingeandikwa juu ya dakika za wachezaji, ningeitia saini siku hiyohiyo. Iliyoletwa mbele yangu iliandikwa kwa hasira juu ya vipigo.

Vipigo vya msimu huu, ndugu wanachama, vilikuwa vya timu ipi? Howard alikwishahamia Houston. Bryant alirejea tarehe 8 Desemba, akacheza michezo 6, akavunjika mfupa karibu na goti. Nash alicheza michezo 15 msimu mzima. Tarehe 5 Februari 2014, hoja ikiwa bado mezani kwangu, timu ilikuwa Cleveland na wachezaji 8 waliovaa jezi. Nick Young akaumia goti, Jordan Farmar akakazwa na misuli, Chris Kaman akatolewa kwa faulo 6, na Robert Sacre alipofikisha faulo yake ya 6 hapakuwa na mtu wa kuingia badala yake, hivyo kwa kanuni ya ligi akaruhusiwa kubaki uwanjani, timu ikitozwa faulo ya kiufundi. Kaman alikuwa amejilaza juu ya viti vya benchi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuvikalia. Tulishinda 119 kwa 108. Siku mbili baadaye Nash alitimiza miaka 40 akiwa Philadelphia, akafunga pointi 19, tukashinda tena. Ni katika wiki hiyo ambapo chama chetu kilitakiwa kuandika kwamba kocha ameshindwa kuwatumia wachezaji wake.

Msimu ulikwisha kwa ushindi 27 na vipigo 55, na tarehe 30 Aprili D'Antoni akajiuzulu. Usiku ule nilipokea ujumbe mwingi wa kwamba waleta hoja walikuwa na haki tangu mwanzo. Siuoni ushahidi huo. Kujiuzulu kwake hakukuurudisha mguu wa mtu yeyote, na heshima ya chama chetu imebaki safi kwa sababu jina lake halikutumika kumsukuma mtu aliyekuwa akipanga timu kutoka chumba cha matibabu.

Nasikitika kusema kwamba kikao cha kuijadili hoja hii kilihudhuriwa na wanachama 11, akidi haikutimia, na Kamati ikalazimika kuamua peke yake, ilhali kwenye kundi letu la WhatsApp waliobishana usiku huo walizidi 40. Wapo waliosaini hoja bila kulipa ada kwa misimu miwili. Ukumbi hulipiwa kwa ada, na safari hii nimeongezea kutoka mfukoni mwangu bila kudai.

Mpaka naandika taarifa hii, Juni 2014, kocha mpya alikuwa hajatangazwa. Tunatumaini kwamba mwaka ujao chama kitakuwa na mwongozo wake wa kumpima kocha, utakaotazama umri, majeraha na dakika kabla ya kutazama matokeo, na kwamba, Mungu akijalia, tutapata ukumbi mkubwa zaidi. Rasimu ya mwongozo huo ninayo. Mwanachama anayetaka hoja ya Februari ifunguliwe upya katika Mkutano Mkuu anaruhusiwa na katiba, mradi awe amelipa ada, ahudhurie mwenyewe, na aandike jina lake kamili chini ya hoja.

Mwenyekiti
Juni 2014