Barua ya wazi kwa waandaaji wa hafla za wasanii jijini Dar es Salaam

Kwenu wanangu mnaoandaa maonyesho, matamasha na hafla za kuwaenzi wasanii wa jiji letu,

Nawasalimu kwa heshima na kuwashukuru kwa kadi ya mwaliko mliyonitumia. Nilihudhuria hafla ya mwezi uliopita nikiwa mwalimu mstaafu wa sanaa, na baadhi ya waliokuwa wakienziwa niliwafundisha kushika brashi, kwa hiyo nimeona afadhali niyaandike yaliyonikera kuliko kuyanung'unikia kibarazani. Ninawaandikia nyote, wala si waandaaji wa siku ile peke yao, kwa sababu niliyoyaona pale nimekwisha kuyaona katika hafla nyingi nyingine.

Ukumbi ulipambwa ukapambika. Bango la mlangoni lilibeba nembo za wafadhili, jina la mgeni rasmi pamoja na cheo chake kirefu, hata jina la mshereheshaji. Ndani, picha zilijaa ukuta mzima, na chini ya kila moja palibandikwa kikaratasi kilichosema "Tingatinga", jina la mtindo huu wa uchoraji, na bei. Nilizunguka ukuta ule wote nikitafuta jina la mchoraji, nisilione hata moja. Nilipomuuliza kijana aliyekuwa akisimamia, alinijibu kwa adabu kabisa kwamba zote ni za Tingatinga. Mbele yetu ilikuwa picha ya bajaji zikivuka Daraja la Kigamboni, na aliyeichora alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, sahani ya wali mkononi, kwa kuwa viti vyote vilikwisha kutengwa kwa ajili ya waalikwa.

Wanangu, Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu, tena mtu mmoja. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki kama walivyokuja wengi wetu, na kwenye mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyembamba za kufungia dari, kwa sababu vifaa hivyo ndivyo alivyoweza kuvinunua. Picha zake aliziuza Oysterbay, pale Morogoro Stores. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka michache tu, na daraja lile limefunguliwa mwaka 2016. Sasa niambieni alilichoraje.

Yote yaliyofuata baada ya kifo chake yamefanywa na mikono ya watu wengine, wakiwamo jamaa na wanafunzi wake akina Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu na Kasper Tedo, kisha wanafunzi wa hao, kisha vijana waliojifunza chini ya chama cha ushirika kilichoundwa mwaka 1990. Ni zaidi ya nusu karne ya kazi. Yuko aliyebuni namna ya kuchanganya rangi ya mbingu ikififia kutoka juu hadi chini, yuko aliyetoka kwenye wanyama akaanza kuchora hospitali, harusi na vituo vya daladala, na yuko aliyeanza kuujaza ubao kwa umati wa watu usioacha nafasi tupu. Ukiwauliza wenyewe kwa wenyewe watakutajia nani alianza nini, tena watabishana hadi jioni. Lakini jiji linalodai kujivunia kazi yao limewafunika wote kwa jina la marehemu mmoja, ambaye naye hatumtendei haki tunapombebesha picha asizozichora.

Msidhani kwamba natetea majivuno. Mnunuzi anayelijua jina la mchoraji hurudi kumtafuta, humpa oda, humpeleka kwa rafiki zake, na bei hupanda kadiri jina linavyojulikana. Mnunuzi asiyelijua hununua picha kama anavyonunua kikoi, akiangalia ukubwa na kuomba apunguziwe. Tena pasipo jina, kijana akibuni jambo jipya Jumatatu, kufikia Ijumaa limenakiliwa na meza zote za jirani, naye hana pa kushika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, kwa hiyo vikaratasi vyenu havikukosa adabu tu. George Lilanga alianza Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa jijini, akiwa mlinzi, kisha akapata nafasi ya kuchonga na kuchora, na kazi zake zilifika kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani zikiwa kazi za Lilanga, ndiyo maana hadi leo, miaka mingi tangu alipofariki mwaka 2005, wakusanyaji wanazitafuta kwa jina.

Najua mtaniambia kwamba wachoraji wenyewe hawakulalamika. Mwenye shida ya kodi ya chumba halalamikii kikaratasi. Na kweli, wapo miongoni mwao wanaotia saini picha za wenzao ili biashara iende. Hao nao nitawasema siku yao, ila leo nasema na ninyi mliokuwa na kompyuta, mashine ya kuchapia na wiki kadhaa za maandalizi.

Kuhusu malipo sitaki kusema mengi, kwa maana aibu yake inajieleza. Mwenye maturubai alilipwa, mpishi alilipwa, waheshimiwa waliondoka na bahasha zao za posho, lakini bendi iliyopanda jukwaani baada ya hotuba tano, wageni wakiwa wamekwisha kuelekea kwenye magari, iliambiwa kwamba imepata fursa ya kujitangaza. Mpiga besi wa bendi ile alikuwa akitumbuiza mji huu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Anajitangaza kwa nani?

Mengine nayataja kwa kifupi. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Lipieni usafiri wa vyombo na wa vinyago, kwa kuwa mpingo ni mzito na dereva wa bodaboda hana namna ya kuubeba. Msitundike picha mahali panapopigwa na jua la mchana. Hakikisheni jina la msanii kwenye cheti limeandikwa sawasawa. Mpangieni kiti.

Sitawatwika ninyi lawama yote, kwa maana mmelelewa na jamii hii hii. Mzazi anayeshangilia muziki harusini ndiye anayemnyang'anya mwanawe kalamu za rangi ili asipoteze muda wa masomo. Ingieni katika ofisi zetu nyingi, za umma na za binafsi, mtakuta ukutani machapisho ya maporomoko ya maji na misitu ya nchi ambazo wenye ofisi hawajazikanyaga, yaliyonunuliwa dukani pamoja na fremu zake za plastiki, ilhali wachongaji wa Mwenge wako mwendo mfupi wa daladala kutoka hapo. Viongozi hupiga picha na wasanii wakati wa kampeni, kisha hununua samani na mapambo ya nyumba zao kutoka nje. Katika hali hiyo, kijana anayejitolea kukodi ukumbi kwa ajili ya wachoraji anastahili baraka za wazee, nami ninawapa zangu bila kinyongo. Naelewa kwamba wengine wenu mlichanga fedha zenu mfukoni, na kwamba mfadhili anataka nembo yake iwe kubwa la sivyo haji. Nembo iwekeni, lakini jina la mchoraji halihitaji nafasi kubwa kuliko kiganja.

Kabla hamjachapa bango la mara ijayo, nendeni Morogoro Stores na Mwenge asubuhi, wakati watu wako kazini, mkiwa na daftari, mkamwulize kila mmoja jina lake linaandikwaje na kazi ipi ni ya mkono wake. Mkihitaji mtu wa kuwatambulisha, nitafurahi kufuatana nanyi, ila njooni na gari, kwa sababu magoti yangu hayawezi tena daladala.

Wenu katika kazi,
Mzee wenu, mwalimu mstaafu wa sanaa,
Dar es Salaam