Shukrani kwa mama wa dirisha la dawa

Kwako mama uliyesimama nyuma yangu kwenye foleni ya dawa, ambaye sikuwahi hata kukuuliza jina: sera ya afya ya Tanzania inasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo, na kweli mwanangu alipimwa na kulazwa bure, lakini dawa ilikuwa imekwisha, nami nikaandikiwa karatasi ya kwenda kuinunua duka la nje ilhali nilibakiwa na nauli ya daladala tu. Uliichukua karatasi ile mkononi mwangu, ukaiacha foleni yako, ukarudi na dawa pamoja na uji wa moto, ambao wala sikuuomba. Mtoto amepona. Ahsante sana, mama yangu.