Marejesho ya kila wiki hayajengi kiwanda

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la mitaji kwa wafanyabiashara wadogo, hasa wale wa maeneo ambayo benki zimeyapa mgongo, maana kila nikisoma habari za kuwawezesha wajasiriamali naona ni mkopo, mkopo, mkopo, na ukichimba kidogo unakuta ni ule wa kuchukua Jumatatu na Jumatatu inayofuata unaanza marejesho. Huo si mtaji jamani. Hiyo ni hela ya kununua mzigo asubuhi na kuuza jioni basi, na wanaofanya biashara ya hivyo inawasaidia, sikatai. Ila mtu anayetaka kununua mashine, kuajiri vijana watatu na kukodi eneo kubwa zaidi, hela yake haiwezi kurudi ndani ya siku 7 hata afanyeje.

Namfahamu fundi wa kuchomelea, kazi yake safi na wateja anao. Alipata oda ya madawati ya shule, oda ya maandishi kabisa, ina mhuri na sahihi, ila malipo yanatoka siku 90 baada ya kukabidhi mzigo. Akaenda nayo benki, wakamuuliza hati ya nyumba iko wapi. Nyumba hana, amepanga. Akataja mashine zake, wakasema hizo hatuchukui, na ile oda ndo hata hawakuifungua. Akaishia kwenye mikopo ya haraka, akanunua vyuma, wiki ya pili hakuna hata dawati moja lililopigwa rangi na tayari anadaiwa marejesho, ikabidi auze sehemu ya vile vile vyuma kwa hasara ili alipe, halafu akakope kwingine anunue tena vyuma alivyouza. Oda aliimaliza kwa kuchelewa na faida yote ikaishia kwenye riba na faini. Yaani kazi ilikuwepo, ufundi upo, mteja yupo, kilichokosekana ni mtu wa kuweka hela akasubiri miezi mitatu.

Na hiyo riba yenyewe inavyotangazwa ni mtego. Unaambiwa asilimia 20 kwa mwaka. Chukua 1,000 ya pesa yoyote ile, unarudisha 1,200 kwa miezi 12, yaani 100 kila mwezi, unaona mbona nafuu. Lakini hiyo 1,000 hukukaa nayo mwaka mzima, uliirudisha kidogo kidogo toka mwezi wa kwanza, ukifika mwezi wa sita nusu yake imeshaondoka mkononi mwako huku riba bado inapigwa kama vile unayo yote. Ukikokotoa kwa salio linalopungua, yaani riba ihesabiwe kwenye deni lililobaki tu, riba ya kweli inakuja karibu asilimia 35, na hapo hujaweka ada ya fomu, bima na makato mengine ambayo mtu anayajua siku ya kusaini. Ni biashara gani ndogo inayotengeneza faida ya asilimia 35 mwaka mzima bila kuyumba? Kuwalazimisha wakopeshaji waandike riba ya kweli kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba hakuhitaji bajeti yoyote.

Sibezi kazi iliyofanywa na waliotangulia. Mchumi Muhammad Yunus alianza mwaka 1976 kijijini Jobra, Bangladesh, kwa dola 27 alizowakopesha watu 42, ikazaliwa Grameen ambayo mwaka 1983 ikawa benki kamili, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Nobel ya Amani. Walithibitisha kwamba maskini analipa, na hoja hiyo imeshashinda, hakuna haja ya kuirudia kila semina. Tatizo ni kwamba watu walibaki hapo hapo. Mwaka 2015 zilitoka tafiti sita za mikopo midogo, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, na zikakuta mambo yanayofanana, kwamba mikopo inawapa watu unafuu fulani na uhuru wa kuchagua, lakini haikuwatoa wengi kwenye umaskini.

Kuna utafiti mwingine naupenda zaidi, ulifanyika Kolkata, India, ukachapishwa 2013. Baadhi ya wakopaji walipewa miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza badala ya wiki mbili, mengine yote yakabaki vile vile. Wale waliopewa muda wakawekeza zaidi kwenye biashara, na miaka kadhaa baadaye faida zao zilikuwa kubwa kuliko za wenzao. Muda tu huo, si hela zaidi! Ila na walioshindwa kulipa nao waliongezeka, lazima niliseme, kwa sababu ndo kiini cha jambo lenyewe. Ukimpa mtu nafasi ya kujaribu kitu kikubwa, wengine watapaa na wengine wataanguka, na mkopeshaji wa kawaida anaumia na walioanguka lakini hapati chochote cha ziada kwa waliopaa, kwa hiyo ana haki kabisa ya kuogopa.

Ndo maana nasema tunahitaji wawekezaji, si wakopeshaji peke yao. Mtu anaweka hela kwenye biashara na anachukua asilimia fulani ya mauzo ya kila mwezi mpaka afikie kiasi mlichokubaliana, mwezi mzuri analipwa zaidi, mwezi mbaya analipwa kidogo, hakuna wa kuja kubeba kabati la mtu. Au anachukua hisa, na mkataba unaweka wazi mwenye biashara atazinunua lini na kwa hesabu gani, kwa sababu wengi wanaogopa kunyang'anywa biashara yao na woga huo si wa kijinga. Kweli itabidi vitabu vya hesabu viwepo, huwezi kugawana mauzo ambayo hayajaandikwa popote, na hapo msaada wa mhasibu una thamani kuliko semina kumi za kuhamasishana.

Serikali nazo zina la kufanya. Colombia mwaka 2013 ilipitisha sheria inayoruhusu mali zinazohamishika, mashine, mzigo wa stoo, hata madai ambayo mteja hajalipa, ziwekwe dhamana na kuandikishwa kwenye daftari moja la taifa. Sheria ya aina hiyo, na benki zikubali kuitumia, ingempa yule fundi pa kuanzia. Marekani, ambako miaka ya 1930 kulichorwa ramani zilizopaka rangi nyekundu mitaa mingi ya weusi kwamba ni hatari kukopesha, ilibidi mwaka 1975 zitungwe sheria za kulazimisha benki zitoe takwimu za mikopo ya nyumba eneo kwa eneo, na mwaka 1977 ikaja nyingine ya kuzitaka zihudumie pia mitaa ya kipato cha chini zinakochukua amana. Halafu mwaka 2010 serikali kuu ikatenga dola bilioni 1.5 kwa majimbo ili yabebe sehemu ya hatari ya hela zinazoingia kwenye biashara ndogo, na majimbo yaliruhusiwa kuziweka hata kwenye uwekezaji wa hisa. Mwaka 2021 mpango ukarudishwa na dola bilioni 10. Kinachonivutia ni utaratibu wake, kwamba mwenye fedha binafsi lazima naye aweke zake mezani, kwa sababu hela ya umma ikiingia peke yake tunajua inakoishia, kwa washikaji.

Ombi langu la mwisho ni kwako mhariri. Mnapochapisha faida za benki kila robo mwaka, waulizeni pia amana walizokusanya kutoka maeneo ya kipato cha chini ni kiasi gani, na katika hizo ni kiasi gani kimerudi huko huko kama mtaji wa biashara wenye muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Wakikataa kujibu, andikeni kwamba wamekataa.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.