Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi chetu cha jogathi

Wanangu,

Nyinyi jogathi, mlioitwa wavulana mlipozaliwa na sasa mnaishi kama wanawake wa mungu wa kike Yellamma, nimesikia mmegawana vyombo vya muziki. Chaudike, ile ngoma yetu yenye uzi, imetundikwa ukutani, mitungi ya kuchezea kichwani imefungiwa stoo, na kuanzia sasa mtacheza nyimbo za filamu kwenye harusi basi, kwa sababu nyimbo za Yellamma, mnasema, zinanuka kuombaomba. Siwalaumu. Nimebana ngoma ile kwapani hadi ngozi ikaota sugu, na harufu mnayoisema naijua. Ila kabla hamjauza mitungi, nipeni sikio.

Kila mkipigwa picha mnamtaja mcheza ngoma mwenzenu, Manjamma Jogathi. Mnaitaja nishani yake ya taifa, Padma Shri, ya mwaka 2021. Mtungi hamuutaji, na mimi naona mmeanza hadithi kutoka mkiani.

Alikulia huku kwetu Bellary, jimbo la Karnataka, India, mtoto aliyeitwa mvulana lakini akijifunga taulo kiunoni kama sketi. Mwaka 1975 wazazi wake wakampeleka hekalu la Huligeyamma, karibu na Hosapete. Akakatwa uzi wa kiunoni, akavishwa sketi na bangili, akawa wa mungu wa kike. Mama yake alilia kama aliyefiwa. Hapo nawaomba msipite haraka, maana wapo wanaoona fahari kusema dini yetu imewapokea watu kama nyinyi tangu zamani. Imewapokea, ndiyo. Asubuhi mtu anawainamia mumbariki mtoto wake, jioni anawafungia mlango. Na mzazi anayemkabidhi mtoto hekaluni wakati mwingine anatafuta tu namna ya kumtoa nyumbani bila kuonekana amemfukuza. Akija mama kwenu na mtoto wa miaka kumi na miwili, mwambieni amrudishe shule. Manjamma mwenyewe alikunywa sumu, akapona, akaishia kuomba barabarani, na huko barabarani wanaume wakamdhulumu mwili. Hilo amelisimulia kwa kinywa chake.

Kilichomtoa pale ni kumwona baba mmoja na mwanawe. Baba anaimba, mwana anacheza na mtungi kichwani bila kuushika. Akataka kujua. Akajifunza. Baadaye akafika kwa Kalavva Jogathi, naye akamwingiza katika kundi lake, na Kalavva alipofariki, Manjamma akalishika kundi. Miaka mingi ya vijiji, vumbi la manjano, kusimama usiku kucha mbele ya watu waliokuja kucheka wakabaki kusikiliza. (Mtu anayecheka hupungukiwa sana na kicheko mtungi unapokaa kichwani robo saa bila kuyumba. Nimeliona hilo mara nyingi.) Serikali ya jimbo ilimtunuku mwaka 2010, na mwaka 2019 akawa mwenyekiti wa Akademia ya Sanaa za Jadi ya Karnataka, wa kwanza kutoka kwa watu wenu. Kabla yake kiti kile hakikuwahi kukaliwa na jogathi.

Sasa ile siku ya Novemba 2021, Delhi. Nilikuwa mbele ya runinga na wajukuu. Alipofika kwa Rais Ram Nath Kovind, hakupokea nishani tu na kugeuka. Alishika pindo la sari yake akamfanyia Rais ishara ya kumwondolea kijicho, ile ile tunayoifanya vibarazani kwa watu wasiotupa hata maji. Ukumbi ukapiga makofi. Mjukuu wangu akauliza, "Ajja, amempa nini?" Nikamwambia amempa kazi yake.

Ndiyo maana naona mnakosea. Kuomba ni kitu kimoja, wimbo ni kingine, na waliowafanya muone aibu ndio waliovifunga pamoja. Ombeni haki zenu bila kuinamisha kichwa: Mahakama ya Juu ya India iliitambua jinsia ya tatu tangu Aprili 2014, na Karnataka imetenga asilimia 1 ya nafasi za kazi serikalini kwa ajili yenu tangu 2021. Fuatilieni vitambulisho. Aliyefika darasa la kumi ajaze fomu, na asiyejua kuijaza aje kwangu, miwani ninayo. Nyimbo za filamu chezeni pia, zinalipa, nami sina ugomvi na tumbo la mtu. Lakini nyimbo hizo zinaweza kuchezwa na kikundi chochote mjini. Hizi za Yellamma zipo vichwani mwa wazee wasiozidi vidole vya mikono yangu, na wawili kati yao hawasikii vizuri tena.

Chaudike iteremsheni ukutani, joto la bati linapasua ngozi. Uzi mpya nimeshanunua. Nitakuwa barazani Jumanne baada ya chai ya jioni, na atakayekuja aje na matoazi, maana yangu mjukuu amepoteza moja.

Ajja wenu,
mpiga chaudike