Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Helikopta, Impela na Daftari la Vipuri

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha uokoaji baharini, assalaam alaykum.

Mkutano uliopita mzee wetu mmoja, baharia mstaafu, aliuliza kwa nini Tanga hatuna helikopta ya uokoaji. Tangu meli ya Spice Islander izame karibu na Nungwi, Unguja, Septemba 2011, swali hilo halijafa hapa pwani yetu ya Deep Sea. Niliahidi kurudi na jibu. Nimesoma, nimeulizia, na kila nilikopita nimekuta habari ya vipuri.

Chukueni helikopta ya Sea King. Chimbuko lake ni Sikorsky ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza 1959 kwa kazi ya kusaka nyambizi. Westland ya Uingereza ikapata kibali cha kuiunda, na ya kwao ikaruka 1969. Ina injini mbili, mapanga matano juu, na tumbo lililochongwa kama la mashua. Jeshi la anga la Uingereza liliitumia kuokoa watu kuanzia 1978 hadi 2015. Miaka 37, chumvi ile ile! Siri yake ni daftari. Giaboksi, mapanga, kila kifaa kikubwa kina saa zake za kuruka. Zikiisha kinatolewa hata kama kinang'aa. Kipuri kisicho na karatasi zake hakifungwi. Na ikitoka kuruka chini chini juu ya bahari, injini huoshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Sasa tuje kwenye boti yetu.

Julai, kusi limechachamaa, mwenzetu alipiga simu kwamba mashine imemzimikia nje ya Kigombe. Tukatoka. Hatujafika nusu ya safari, nahodha akageuka nyuma akaona kile kitundu cha mashine hakitemi maji. King'ora kikalia, tukazima. Jioni fundi alipofungua pampu alikuta impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupooza mashine, ina mabawa matatu kati ya sita. Vipande vya mpira vimeziba njia ya maji. Ilikuwa na miezi minne tu. Tuliinunua bei chee, bila boksi, na muuzaji alituapia kuwa ni orijino. Waokoaji tukavutwa na ngalawa mpaka pwani, na yule tuliyemfuata tukamkuta keshafika zamani kwa tanga la turubai, anakunywa kahawa. Manunuzi yale niliyaidhinisha mimi. Lawama ileteni huku.

Tangu hapo kibandani kuna sanduku la kufuli: impela mbili, plagi, chujio la mafuta, pini za propela, kamba ya kuwashia. Kuna na pipa la maji baridi. Boti ikirudi, mashine iungurume humo dakika kumi kabla mtu hajaenda kwake. Vijana wananung'unika kuchota maji, wazoee.

Redio ibaki chaneli 16, ya wito wa dharura baharini. Si ya kuulizana bei ya dagaa.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ada zinaingia kwa kusuasua, kama mnavyojijua.

Daftari la vipuri hili hapa mezani, kila mtu alipitie. Tarehe ya kufungwa, mashine ipi, nani kachukua. Kuna mmoja kaandika plagi mara tatu na ya zamani hajarudisha hata moja. Simtaji, ila amekaa karibu na mlango.