Saratani ya matiti: tuingie kwenye bajeti, tusingoje Oktoba

Kwa Mhariri,

Kila Oktoba sisi akina mama huvaa fulana za waridi, tukatembea na mabango, na wauguzi wakapiga hema uwanjani kutupima matiti bila malipo. Mimi hushiriki na nitaendelea kushiriki, maana nawajua wanawake waliogunduliwa mapema katika hema kama hizo na leo wanalea wajukuu. Lakini kuna jambo linaloniuma, na naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie wenzangu. Oktoba inapofika, mpango wa kaunti wa mwaka wa fedha unaofuata huwa umeshafikishwa katika bunge la kaunti.

Sheria ya Kenya ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imetaja tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1. Taarifa ya mikakati ya fedha, ile inayoiwekea kila idara kiwango chake, Februari 28. Makadirio yenyewe ya bajeti, Aprili 30. Na kwa kuwa Katiba iliziachia kaunti hospitali na zahanati zake, ni katika karatasi hizo ndipo huamuliwa kama hospitali yetu itakuwa na sindano za kuchukulia nyama ya uvimbe, kama mashine ya mamografia, yaani eksirei ya matiti, itapata mtu wa kuiendesha na fundi wa kuitengeneza, kama kutakuwa na daktari wa patholojia wa kuichunguza nyama hiyo na kusema ni ugonjwa gani. Nimehudhuria vikao vya kukusanya maoni katika wadi yetu. Watu husimama wakaomba barabara, maji, taa za mtaani na basari, na wana haki. Sijamsikia hata mmoja akiomba huduma ya baiopsi, yaani kuchukuliwa nyama ya uvimbe ikapimwe.

Mimi naomba tusimame tuombe, na tuombe kitu kinachoweza kupimwa: siku 60.

Idadi hiyo si yangu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa saratani ya matiti wa mwaka 2023, linazitaka nchi zihakikishe kwamba uchunguzi umekamilika ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Linataka pia angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe ugonjwa ungali hatua ya kwanza au ya pili, na asilimia 80 wamalize matibabu yao. Hapa Kenya makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaonyesha zaidi ya wagonjwa wapya 7,000 wa saratani ya matiti kwa mwaka mmoja. Tunayo Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani tangu mwaka 2012, na ndiyo iliyounda taasisi ya kitaifa ya saratani. Tunayo bima ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Tusichonacho ni kifungu kinachosema mgonjwa akiwa na uvimbe apewe jibu lini, na nani awajibike siku zikipita.

Dada yangu mkubwa alipogusa uvimbe hakukaa nao. Alienda zahanati juma lile lile. Akapewa dawa za maumivu, kisha barua ya rufaa, kisha tarehe, kisha tarehe nyingine kwa sababu mtaalamu wa kuchukua sampuli alikuwa likizoni. Siku nyama ilipochukuliwa hatimaye, alikabidhiwa kichupa cha plastiki chenye fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhi nyama isioze, jina lake limeandikwa kwa kalamu juu ya plasta, akaambiwa akipeleke mwenyewe kwenye maabara ya mjini. Alipanda matatu amekipakata, kimezungushiwa leso, akiogopa kifuniko kisije kikalegea njiani. Majibu yaliporudi yalisema ni saratani lakini hayakusema ni ya aina gani, maana kipimo cha homoni na cha HER2, protini inayofanya baadhi ya uvimbe ukue haraka, kilitaka maabara nyingine na malipo mengine. Tulipoanza, uvimbe ulikuwa kama punje ya kunde. Alipofika mbele ya daktari wa saratani, ulikuwa umeshaingia kwapani. Bado anatibiwa.

Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche, na bei ya Herceptin, dawa ya saratani ya matiti, ikashuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa kikao kimoja, zikilipwa na SHA. Ni hatua kubwa na nawashukuru wote walioipigania. Lakini dawa hiyo hupewa mgonjwa ambaye kipimo cha HER2 kimeonyesha kwamba inamfaa. Mama wa kijijini ambaye kichupa chake kimekaa kwenye rafu kikingoja nauli haifikii dawa hiyo, hata ishuke bei mara ngapi.

Najua jibu tutakalopewa: hakuna pesa. Ningependa wawakilishi wetu watazame jambo ambalo tayari linafanyika katika vituo vyetu. Makohozi ya mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu, na damu ya kupima wingi wa virusi vya HIV, husafirishwa kutoka kituo kidogo hadi maabara kubwa bila mgonjwa kuzibeba. Pikipiki zipo, masanduku yapo, daftari za kusaini zipo. Watu wanaoishi na virusi na mashirika yao nao walidai huduma kwa miaka mingi, wakaingia kwenye kamati, wakasoma bajeti. Kuongeza kichupa cha fomalini kwenye safari hiyo hiyo hakuhitaji jengo jipya. Kaunti mbili au tatu zikishirikiana kumwajiri daktari mmoja wa patholojia, gharama inagawanyika. Na kumtibu mwanamke katika hatua ya nne ni ghali kuliko haya yote, kwa serikali na kwa nyumba yake.

Wapo watakaosema barua na sahihi za akina mama hazibadilishi kitu. Mwaka 1991 makundi ya wanawake nchini Marekani, wengi wao wagonjwa wa saratani ya matiti, yaliungana wakaanzisha National Breast Cancer Coalition. Walilenga barua 175,000, moja kwa kila mwanamke aliyetarajiwa kugunduliwa na ugonjwa mwaka ule. Zikapatikana 600,000, zikapelekwa kwa wabunge na kwa rais. Katika bajeti ya mwaka 1993 Bunge lao likatenga dola milioni 210 za utafiti wa saratani ya matiti kupitia wizara ya ulinzi. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hawakuishia kwenye pesa. Katika mpango huo wanawake waliougua huketi na wanasayansi kupima ni utafiti upi ufadhiliwe, na wana kura kamili kama wao. Barua zile zilipelekwa Oktoba, na zilikuwa zimebeba dai la pesa.

Sisi tuna milango ambayo hatujaibisha. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, ikiwemo kuomba sheria itungwe au ibadilishwe. Utaratibu wake unaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba badala ya sahihi. Kinachotakiwa ni lugha ya heshima, majina na anwani za waombaji, na maelezo ya juhudi zilizofanywa kabla ya kufika pale. Sheria ya Serikali za Kaunti nayo inatoa haki hiyo hiyo kwa bunge la kaunti. Isitoshe, kila kaunti inapaswa kuwa na jukwaa la bajeti na uchumi linaloongozwa na gavana, na sheria imewatengea viti humo wawakilishi wa wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na makundi ya kidini. Tuulize majina ya wanaokalia viti vyetu. Tuwatembelee. Kama hawajui chochote kuhusu baiopsi, tuwaeleze.

Julai 2019 nchi ilimpoteza mbunge Ken Okoth, na siku tatu baadaye gavana Joyce Laboso, wote kwa saratani. Tulilia pamoja, na sauti nyingi zikataka saratani itangazwe janga la kitaifa. Tangu hapo huduma zimesogea. Tiba ya mionzi sasa inapatikana nje ya Nairobi na Eldoret. Lakini mwanamke hafiki kwenye mionzi bila karatasi ya patholojia mkononi, na karatasi hiyo inaanzia kwenye hospitali ya kaunti.

Chama chetu, ambacho kazi yake ya kawaida ni kuweka akiba na kukopeshana, kimeandika rasimu ya ombi kwa bunge la kaunti. Tunadai mambo matatu. Sampuli za matiti zisafirishwe na hospitali, si na mgonjwa. Muda wa siku 60 uandikwe kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka na kuwekewa fedha. Na idara ya afya itoe ripoti kila robo mwaka kwa bunge la kaunti, ikisema ni wanawake wangapi walipata majibu ndani ya muda huo na wangapi hawakupata.

Tunazunguka na karatasi za sahihi kila siku ya soko, na wanaume wanasaini pia. Tutaziwasilisha kabla ya Agosti kwisha, mpango wa mwaka ujao ukiwa bado mezani kwa waziri wa fedha wa kaunti. Vyama vya kaunti nyingine vinaweza kuchukua madai haya kama yalivyo na kubadilisha jina la kaunti tu.

Mweka hazina wa chama cha akina mama,
Pwani, Kenya